Gari Hili Halibebi Saruji

Mgeni akihamia mtaani kwetu Chaani, huku Changamwe, haikuwa ikipita miezi mingi kabla hajakimbizwa na Dereva. Simaanishi kufukuzwa. Mgeni huyo atakuwa amesimama kando ya barabara na shughuli zake, litapita gari jeupe la msikiti, lile la kubebea jeneza, milango ya nyuma imefungwa kwa kamba na kuachwa wazi kidogo ili hewa iingie. Ndani atamwona mzee mrefu amelala chali, mikono kifuani, macho kayafumba. Mgeni atainamisha kichwa na kusema yasemwayo. Kisha gari litaingia shimoni, na maiti atainuka, atapiga ngumi ubavu wa gari na kuitukana springi ya nyuma kushoto.

Mama mmoja muuza viazi karai aliliacha karai lake motoni akakimbia mpaka ndani ya duka la dawa. Alipojua ukweli, hakumwamkia Dereva mwaka mzima. "Uchuro huo," alikuwa akisema, "mtu mzima kujilaza mahali pa maiti. Atatuletea balaa hapa." Dereva alimsikia, akamjibu kutoka ng'ambo ya barabara: "Mahali hapo na wewe patakulaza, bibi. Mimi nakutandikia vizuri." Nilidhani mama yule atamrushia mwiko.

Tulimwita Dereva, hata mkewe alimwita hivyo, nami nitamwita hivyo hivyo hapa. Kazi yake ilikuwa kuliendesha gari la jeneza, kazi ya kujitolea. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyempa, ilikuwa kulitengeneza yeye mwenyewe, nyumbani kwake, kila kitu cha chini kilichosimama kati ya magurudumu na yule aliyelazwa nyuma: springi, bushi za mpira, na shoki, yale mabomba ya mafuta yanayozuia gari lisirukeruke. Injini hakuigusa. Injini ikizima alimwita fundi kama mtu mwingine yeyote. "Injini ni ya walio hai," aliniambia. "Maiti hana habari na injini. Maiti habari yake ni springi."

Na ndiyo sababu ya kulala mle ndani. Alisema aketiye mbele hajui kitu, kwa kuwa kiti kina sponji na mwenyewe ana misuli. Mtu wa kulipima gari lile ni aliyelala chali, juu ya mkeka, bila kujishika popote. Basi kila akimaliza kulitengeneza alitafuta mtu wa kushika usukani, na kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa nyumba zetu zilipakana na kwa kuwa sikujua kumkatalia. Mimi ni karani wa ghala. Udereva wangu ni wa kwenda sokoni na kurudi. Tulikuwa na lugha yetu. Ngumi moja ubavuni, tatizo liko mbele. Ngumi mbili, nyuma. Ngumi tatu, simama nishuke nione.

Siku ya kulifungua gari ilianza jana yake. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi hula chuma mpaka nati na bolti zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo jioni alizilowesha nati kwa dizeli iliyochanganywa na mafuta machafu, akazifunga vitambaa, akaziacha. Asubuhi aliliinua gari kwa jeki, lakini jeki hakuiamini hata kidogo. Aliweka vigogo viwili vya mvinje chini ya chesisi, na gurudumu alilolivua akalilaza chini ya ubavu. Kisha alifanya jambo ambalo sijamwona fundi mwingine akilifanya: aliliegemea gari kwa bega na kulisukuma kwa nguvu zake zote, akijaribu kuliangusha. "Kama ni la kuanguka lianguke sasa, nikiwa nimesimama," alisema. Halikuanguka hata siku moja, na bado hakuacha kulisukuma.

Vitu alivyovifungua alivipanga juu ya gunia kwa utaratibu vilivyotoka, na mkewe alikatazwa kufagia ua mpaka gari lifungwe. Siku moja kuku wa nyumbani alidonoa kiringi kidogo cha nati akakimeza. Mtu mwingine angekwenda dukani kununua kingine. Dereva alimfungia kuku yule ndani ya tenga siku mbili, akikaa karibu naye na kumtazama, mpaka kiringi kikapatikana kwa njia yake ya kawaida. Alikiosha kwa petroli akakirudisha mahali pake. Mkewe alinisimulia hayo kwenye ukuta uliotenganisha nyumba zetu huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Spana zake hakumwazima mtu. Ningeweza kwenda kwake nikala chakula chake cha mchana, nikalala kwenye kitanda chake cha barazani, nikachukua kandambili zake nikaenda nazo mjini, asiseme neno. Lakini nikiomba spana namba kumi na saba hunitazama kana kwamba nimemwomba mkewe.

Wengi walidhani mtu anayewashughulikia maiti namna ile lazima awe mcha Mungu wa kupigiwa mfano. Wallahi hakuwa. Alisali, ndiyo, lakini sala zake zilikuwa za haraka, na hotuba ya Ijumaa ilimkuta kila mara ameegemea nguzo, kidevu kifuani. Mpira aliupenda kupita kiasi. Matusi aliyoyajua yalikuwa ya nchi nzima, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka thelathini aliendesha malori ya mafuta kutoka matangi ya Changamwe kwenda bara, na kwa maneno yake mwenyewe aliendesha kama mtu anayefukuzwa. "Mbuzi wa Mtito Andei walinijua kwa mlio," alijisifu. Mtu huyo huyo, akishika usukani wa gari la jeneza, baiskeli zilimpita.

Na aliyaogopa makaburi. Hili watu hawakuliamini. Alifikisha maiti mpaka langoni, akafungua milango, akasaidia jeneza kushuka, kisha akarudi kukaa kwenye usukani na kutazama mbele mpaka kila kitu kimalizike. Nilimuuliza mara moja kwa nini haingii. Akasema ameshawaona watu wakitoka kwenye gari lake, hana haja ya kujua wanakokwenda. Nilicheka, yeye hakucheka.

Njiani alizungumza na maiti wake. Kati ya usukani na nyuma palikuwa na bati lenye tundu dogo, na kupitia tundu hilo alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwelekeza mgeni ngazi gizani: "Hapa pana tuta, bwana. Taratibu. Sasa pana shimo mbili, zimepakana." Niliyasikia maneno hayo mara ya kwanza siku aliyombeba mama yangu, na sina budi kuieleza siku hiyo, maana bila hiyo Dereva hawezi kueleweka.

Wakati huo hakuwa akitengeneza kitu. Alikuwa dereva tu. Gari lilikuwa limeanza kukaa chini upande wa nyuma, na kamati ya msikiti, kwa wema kabisa, ikalipeleka gereji. Sasa huku Changamwe kila gari hubeba. Usipobeba saruji utabeba vyuma, usipobeba vyuma utabeba magunia. Fundi hakuuliza gari linabeba nini, na kamati haikufikiria kumwambia. Aliona gari la mizigo limechoka, akaliongezea mabamba mawili ya springi kila upande, kama ambavyo angelifanyia gari lolote la huku kwetu. Gari lilirudi limeinua kiuno. Kamati ikalizunguka ikilisifu.

Mama yangu alifariki wiki ile ile. Alikuwa amekwisha kwa maradhi, mwepesi kama mtoto, na springi iliyotengenezwa kwa ajili ya tani ya saruji ikibebeshwa mtu mmoja mwepesi haipindi. Hurusha tu. Mimi nilikaa nyuma pamoja naye. Dereva alikuwa akimwambia habari za matuta kupitia lile tundu, nami nikawa nafarijika, mpaka tulipoingia kwenye barabara ya malori, ile iliyochimbwa na makontena mpaka lami ikabaki vipande. Jeneza liliruka. Likaruka tena. Nililikumbatia kwa mikono miwili nikalilalia nusu mwili, na bado niliusikia mgongano ndani yake. Sitauelezea zaidi ya hapo. Ninausikia hata sasa ninapoandika.

Dereva alisimamisha gari katikati ya barabara. Malori ya nyuma yakapiga honi na kutukana. Yeye akashuka, akaja akafungua mlango, akanitazama nilivyolala juu ya jeneza, akaufunga mlango. Kutoka pale tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, msururu wa malori nyuma yetu mpaka usipoonekana mwisho wake.

Baada ya hitima alikuja kwangu. Hakukaa. "Nimemgonga mamako," alisema.

"Si wewe, Mzee. Ni springi."

"Usukani ulikuwa mikononi mwangu. Niwie radhi."

Nikamwambia yamekwisha, na nilikuwa nasema uongo, na nadhani alijua. Kesho yake asubuhi niliona miguu yake mirefu imetokeza chini ya gari, uani kwake.

Hakujua lolote kuhusu kazi hiyo. Mara ya kwanza aliondoa mabamba mengi mno, gari likakaa kama kuku anayeatamia, matairi yakawa yanasugua bodi. Mara ya pili alirudisha moja na kusahau kukaza nati, gari likalia njia nzima kama kitanda kibovu. Alikuwa akilala mle ndani, mimi nikiendesha, ngumi zikivuma, na tukirudi nyumbani anaingia chini tena. Iliwachukua springi zile na yeye miezi kadhaa kupatana. Mwenyekiti wa kamati, mtu mwema lakini asiyejua gari, alikuja kulalamika kwamba mabamba waliyoyanunua yamelala uani yanashika kutu. "Mzee, gari litavunjika mgongo."

"Gari hili halibebi saruji," Dereva alimjibu kutoka chini.

Jibu hilo akalipenda. Akalitumia kila mahali. Mkewe akimpakulia wali mwingi: "Tumbo hili halibebi saruji." Nikimpigia hadithi ndefu ya mambo ya kazini: "Sikio hili halibebi saruji, bwana." Vijana wa mtaani nao wakalichukua. Lakini gari lilitulia. Watu waliokaa nyuma pamoja na wazazi wao, na watoto wao, walishuka wakiwa na huzuni ya msiba tu, bila ya nyingine juu yake. Wachache walijua ni kwa nini.

Basi tuje kwenye uzee, maana ndio uliomshika. Mgongo ulianza kumkatalia mwaka juzi. Akiingia chini ya gari, kutoka kulimhitaji mkewe na mimi, kila mmoja na mguu wake. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, spana ikawa inateleza na kumchuna vidole. Mwenyekiti aliona. Wiki mbili kabla ya Ramadhani alikuja, safari hii na maneno mazuri: Mzee umefanya kazi kubwa, Mungu atakulipa, sasa pumzika. Baada ya Idi utupe funguo. Kamati imeshazungumza na gereji, watalitengeneza wao moja kwa moja.

"Gereji gani?" Dereva aliuliza.

Ilikuwa ile ile, ya malori.

Dereva hakubishana, na hilo ndilo lililonitisha. Siku chache baadaye mkewe aliniita ukutani. "Mwanangu, Dereva halali," alinambia. "Huamka akakaa kitandani akanambia bushi ya kulia. Namwambia lala, anambia nalala vipi. Yuwaogopa."

"Aogopa nini, Bi?"

"Yeye ndiye wa safari inayofuata, hilo alijua. Aogopa kwenda kama alivyokwenda mamako."

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili na sikuwahi kufungua hata baiskeli. Naogopa mende. Lakini maneno yale yaliniingia mahali ambapo hakuna mtu mwingine angeweza kuyaingiza, kwa kuwa ni mimi peke yangu, katika wote walio hai, niliyeusikia mgongano ule. Jioni hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia gari litatengenezwa nyumbani kama kawaida, na nitakayelitengeneza ni mimi. Alinitazama viatu, suruali iliyopigwa pasi, na kalamu mfukoni. Akasema nina mpaka Idi. Dereva akiridhika kulilalia, funguo zitakuwa zangu. Asiporidhika, gari linakwenda gereji.

Nilianza kwa kutazama video za simu, na ninawaonya wenzangu. Kwenye video hakuna kutu. Fundi ana glavu safi, anagusa nati, nati inazunguka yenyewe kwa adabu. Hakuna kuku. Mimi nati yangu ya kwanza ilinichukua tangu asubuhi mpaka adhuhuri, tena na funga. Dereva alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, mkewe amemkatalia kuinuka, akinitazama. Spana alinipa. Alizitoa moja moja, akinitajia namba, na kila moja akauliza imerudi wapi kabla hajanipa nyingine.

Nilivua shoki mbili zilizokuwa zimevuja, nikatia mpya. Nikang'oa bushi za springi zilizokuwa zimeliwa, nikazitia mpya kwa nyundo na sabuni. Nikaurudisha kila mkono wa chuma mahali pake, nikakaza kila bolti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hapo nilimwona Dereva anafungua mdomo, kisha anaufunga. Nilidhani amevutiwa na kazi yangu. Nilivimba kichwa.

Tulikwenda kulipima Jumamosi. Hatukufika hata kwenye msikiti, ngumi tatu. Nikasimama, nikaenda nyuma. Kwa kuwa tulikuwa tumefunga hakutukana. Alisema "Subhanallah" kwa namna iliyokuwa mbaya kuliko tusi.

"Bushi ulizikaza lini?" aliniuliza.

"Nilipokuwa chini ya gari."

"Gari limesimama au limening'inia?"

"Limening'inia, liko juu ya vigogo."

"Ndiyo hivyo. Mpira umeukamata ukiwa umenyooka, sasa umeliteremsha gari, mpira umepinda, nawe umeshaufunga hauwezi kurudi. Kila tuta waugeuza shingo. Hautanesa, na baada ya mwezi utakatika."

"Na wewe ulikuwa waniona?"

"Nilikuona."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia ungesema ndiyo Mzee, na mwakani ungesahau. Sasa hutasahau. Kafungue."

Nilikasirika mpaka nikaogopa funga yangu itaharibika. Nilimrudisha kwake, nikaenda nyumbani, na futari sikuionja ladha. Nilimwambia mke wangu kwamba huyo mzee ni mkatili, na kwamba kama anataka kubebwa na gereji ya malori shauri yake. Mke wangu akanisogezea uji wa pilipili manga. Nilipomaliza bakuli nilikuwa nimeshajua kwamba Jumamosi ijayo nitakuwa tena chini ya gari, na Jumamosi ijayo ilikuwa ya mwisho kabla ya Idi.

Safari hii nililegeza kila nati iliyoshika mpira. Nikaliteremsha gari likakaa juu ya matairi yake, uzito wake wote chini. Nikalipandia nyuma nikalirusharusha ili kila kitu kitafute mahali pake. Kisha nikajipenyeza chini, pua yangu na chesisi zinapumuliana, kokoto mgongoni, nikakaza moja baada ya nyingine. Kabla ya hapo lakini, nilipokuwa bado nimeliinua, nililiegemea kwa bega nikalisukuma nijaribu kuliangusha. Halikuanguka. Nilimwona mkewe akimtazama Dereva kwenye kiti chake, akimsoma uso kama anayesoma matokeo ya mtihani.

Baada ya alasiri akasema twende. Tulimpandisha kwa shida, akajilaza juu ya mkeka, mikono kifuani. Jua lilikuwa bado kali, na yeye mzee, na amefunga. Mkewe alinishika mkono dirishani: "Upole, mwanangu."

Tuta la kwanza, kimya. Nikajisemea labda nilikwenda taratibu mno. Tuta la pili nililiingia kwa mwendo wa kawaida, kimya. Nilianza kutabasamu. Pale kwenye mashimo mawili yaliyopakana nikangoja ngumi, sikusikia kitu. Nilivyozidi kwenda ndivyo tabasamu lilivyonitoka. Miaka yote niliyomwendesha mtu huyu, hata gari likiwa limetulia kabisa, hakukosa neno: hapo si pabaya, hapo patafaa grisi, wewe klachi umeionea nini. Kimya cha namna hii sikuwahi kukisikia. Nikaita kupitia tundu la bati: "Mzee!" Hakujibu. "Mzee, wanisikia?" Hakujibu.

Tulikuwa tumeshaingia barabara ya malori na hakuna mahali pa kusimama, lori mbele, lori nyuma, vumbi na honi. Nilikwenda hivyo, nimeng'ang'ania usukani, huku nikijua kwamba nimemuua. Joto, na funga, na umri wake, na mimi nikamlaza ndani ya bati juani kwa sababu ya kujifanya fundi. Nikamkumbuka mama muuza viazi na uchuro wake. Nikafikiria nitamwambia nini mkewe. Nitasema uongo nikisema sikufikiria pia, kwa sekunde moja, kwamba kama amekufa basi hakugongwa. Nililia huku nikiendesha, mtu mzima mimi, na madereva wa malori wakinitazama kutoka juu kwao.

Palipopatikana nafasi, mbele ya duka la mbao, niliingia pembeni nikaruka chini nikaenda nyuma. Kamba ilikataa kufunguka, nikaikata kwa meno. Alikuwa amelala vile vile, mdomo wazi, mkono mmoja umeteleza kutoka kifuani ukalala mkekani.

"Inna lillahi," nilianza.

Jicho moja likafunguka. "Nani kafa?"

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, nikishika bampa. Yeye akainua kichwa, akatazama huku na huku, akapangusa mate kidevuni.

"Nilipitiwa na usingizi," alisema, kama mtu anayetoa siri ya aibu. "Hapa ni wapi?"

"Kwenye mbao."

"Kwenye mbao? Na barabara ya malori?"

"Tumeshaipita, Mzee."

"Yote?"

"Yote."

Aliupapasa mkeka, akaupapasa na ubavu wa gari, polepole, kama mtu anayehakikisha yuko ndani ya gari lile lile. Kisha akanitazama pale chini nilipokaa na machozi yangu na vumbi langu, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Basi mamako naye angelala."

Nililia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine. Nilihisi kitu kinashuka kutoka mabegani, kitu nilichokizoea kiasi kwamba nilikuwa nimesahau kuwa ni mzigo. Aliningoja nimalize. Halafu akasema hawezi kurudi amelala, watu watadhani kweli, nimsaidie aketi mbele.

Njia nzima ya kurudi alinilaumu. Klachi naikanyaga kama nyoka. Gia ya tatu naitia mapema. Honi ya nini, yule ni mbuzi tu, atapita. Nilimwacha aseme, na moyoni nilimwomba Mungu asinyamaze.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni tangu tulipoondoka, nadhani. Hakuniuliza mimi. Alimtazama mumewe anavyoshuka, nywele zimelala upande mmoja, alama za mkeka shavuni.

"Vipi gari?"

"Nililala," Dereva alisema, akimpita.

"Ulilala? Nyuma mle?"

"Nakwambia nililala. Na sasa naingia kulala tena, magharibi mniamshe."

Siku zote akishuka garini aliinama kwanza kuchungulia chini, tochi mkononi. Safari hii hata hakugeuza shingo. Alikuwa ameshafika ndani mkewe alipomwita: "Na funguo? Mwenyekiti atakuja kuzitaka."

"Anazo huyo," ilisikika sauti kutoka chumbani. "Akazitake kwake."

Tulisimama uani, Bi na mimi, tukisikiliza. Haikuchukua muda tukasikia akikoroma. Bi alijifunika mdomo kwa upindo wa leso, macho yamejaa, akaniashiria nisifanye kelele. Kisha akaniletea kigoda na sahani ya tende, akaiweka kando yangu, tukakaa kungojea adhana.